Pikapu Iliyolala Soweto

Mbokomu, Alhamisi 9 Mei 2024

Fundi Ebenezeri,

Shikamoo yako nimeiacha nyumbani. Nimelelewa kuamkia wakubwa, ila wewe kwa sasa sikuamkii, na ukisoma utajua kwa nini.

Nimekupigia simu mara nne, umekata mara nne. Sasa nakuandikia. Barua haikatwi. Anakuletea Mama Justina, yule anayeshusha ndizi Majengo kila Jumanne na Ijumaa. Nimemwambia asiondoke gerejini kwako mpaka akuone umeifungua.

Gari langu limekufa. Ijumaa iliyopita nilikuachia pikapu nzima, nikakuomba umwage oili ya zamani uweke mpya, basi. Jumanne nimepakia maziwa ya wamama kumi na mmoja nayapeleka Pasua. Nimefika kona ya chini ya kanisa nasikia ko, ko, ko, kama mtu anabisha hodi ndani ya injini. Nikapunguza mwendo. Ikazidi kubisha, sasa kwa hasira. Halafu kishindo kimoja, moshi, kimya. Nazungusha ufunguo, injini haitikisiki, utadhani imemwagiwa zege. Eliona nilikuwa nimemfunga kwa kanga kwenye kiti cha pembeni, akalia mpaka akakosa sauti. Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi miwili, fundi.

Maziwa yote yamechacha. Nimeuza simu kuwafidia wale wamama, kwa hiyo hata ukitaka kunipigia sasa ujitetee, hunipati.

Ile pikapu ndiyo mume wangu Godbless alituachia alipofariki. Ukoo mzima ulisema liuzwe, mwanamke mwenye mtoto mgongoni ataliendesha wapi. Nikakataa. Nilijifunza kwenye uwanja wa shule, mtoto amelala chini ya mgomba. Na nilishaanza kuona mwanga! Wewe umeuzima. Mmechomoa vyuma vizima mkaniwekea vibovu kwa sababu mimi ni mjane na injini siijui.

Sasa sikiliza. Polisi siendi. Naenda kwa Mzee Eliufoo, babu wa ukoo, anayetunza chungu cha wazee. Wewe ni Mpare, huhitaji kufundishwa. Chungu kikivunjwa kwa jina la mwizi hakiishii kwake. Kinaingia nyumba yake, watoto wake, wajukuu wake, mpaka ukoo ubaki magofu. Mimi ni Mlutheri, najua mchungaji atanitenga. Anitenge. Nitakaa nje ya kanisa nikisikiliza habari za misiba yako.

Yuditha, Mama Eliona


Majengo, Ijumaa 10 Mei 2024

Mama Eliona,

Marahaba, hata kama hukuileta.

Mama Justina amesimama hapa kashika kiuno kama trafiki, kwa hiyo najibu upesi. Simu nilikata kwa sababu ya ule ujumbe wako wa asubuhi ulioniita jambazi. Mtu akianza na jambazi, sijui atamalizia na nini.

Nina miaka thelathini na moja kwenye kazi hii. Gari lako niliweka oili mpya, rangi ya asali, na chujio jipya. Kwenye nati ya chini, ile inayofungua oili imwagike, niliweka washa mpya ya shaba, kapete kekundu kama hereni ya mtoto. Sikuchomoa kitu.

Unachonieleza ni injini iliyonoki. Chuma kimekutana na chuma kwa kukosa oili nzuri. Kwa oili yangu ya siku nne, haiwezekani. Nataka kujua: ile taa nyekundu yenye umbo la birika iliwaka au haikuwaka? Halafu fungua boneti, vuta kile kijiti cha kupimia oili, kifute kwa kitambaa cheupe, uniletee kitambaa. Usikifue.

Kuhusu chungu: vunja. Tena uniambie siku, nipande huko nikushikie mtoto wakati unavunja, usije ukachomwa na vigae.

Fundi Ebenezeri Mbwambo


Soweto, Jumanne 14 Mei 2024

Shemeji yangu mpendwa Yuditha,

Salamu katika jina la Bwana. Poleni sana na huo mkasa. Nimeusikia kwa mke wangu Gladys, naye kausikia saluni. Nimejaribu simu yako haipatikani, ndiyo maana natumia mtindo huu wa zamani, ha ha. Nampa Mama Justina mkate na sukari kidogo kwa ajili ya Eliona. Loveness wangu kila siku anauliza mdogo wake atakuja lini kucheza.

Shem, nimesikia unataka kuvunja chungu. Tafadhali sana. Hayo ni mambo ya giza. Sisi ni watu wa kanisa, mimi naimba kwaya, nitaonekanaje? Mwachie Mungu. Mdogo wangu Godbless angekuwepo asingekubali.

Kuhusu gari usiumie moyo. Limekula umri wake. Injini ikishafika pale hakuna dawa. Mimi kama kaka nitakupunguzia mzigo, nilichukue kama skrepa, bodi na viti vitanifaa kwa pikapu yangu, si unajua ni magari pacha. Utapata cha kuanzia genge hapo njia panda. Genge linamfaa mama zaidi. Mtoto anakaa kivulini, hapigwi na vumbi.

Tafakari. Lakini chungu, hapana.

Shemeji yako,
Ronald


Mbokomu, Alhamisi 16 Mei 2024

Shemeji Ronald,

Asante kwa mkate. Eliona amekula mpaka akalala na kipande mkononi. Tangu Godbless aondoke wewe ndiye umekuwa ukikumbuka kwamba huku juu kuna mtoto wa nyumba yenu. Mungu akuone.

Gari siuzi, shemeji. Usinichukie. Najua ni bovu, lakini nikiliuza nitakuwa nimewapa ushindi wale waliosema sitaweza.

Na chungu nakivunja. Nimeshakwenda kwa Mzee Eliufoo. Aliniuliza mara tatu: una hakika mwizi si wa damu yetu? Maana chungu hakina macho, kikikuta mwizi ni wa ukoo huu kinarudi humuhumu, na mtoto wa kunyonya hakimruki. Nikamjibu mara tatu: ni Mpare wa Majengo. Basi amesema Jumamosi tarehe 25, saa tatu asubuhi. Kasema pia anayemkabidhi chungu lazima awe ndugu wa marehemu aliyekuwa na mali, ndiyo desturi. Ndugu ni wewe. Naomba usikose. Vaa koti, siku hizi huku kuna baridi.

Shemeji yako anayekuheshimu,
Yuditha


Mbokomu, Alhamisi 16 Mei 2024

Fundi,

Hiki hapa kitambaa chako. Ni nepi ya Eliona, kingine cheupe sina. Nimekipaka kama ulivyosema, sasa sijui utakisomea uganga gani.

Taa iliwaka. Iliwaka kabla ya kona, kwenye mteremko. Nikasema nikifika Pasua nitaangalia, maziwa yasije yakaharibika. Usinicheke. Ningejuaje kwamba birika ni oili? Mimi niliona birika nikadhani ni maji.

Wamama wote wa soko la Pasua nimeshawaambia habari zako, nao wana waume, na waume wana magari. Mama Justina anasema watu wawili wameshakuja kuondoa magari yao kwako. Nilivyosikia nililala vizuri kwa mara ya kwanza.

Chungu ni Jumamosi tarehe 25. Ulisema utanishikia mtoto. Mwanangu hashikwi na mikono yako.

Yuditha


Soweto, Jumanne 21 Mei 2024

Shemeji,

Tarehe 25 sitakuwepo, nimepata safari ya Tanga ya ghafla sana. Wala usimtafute ndugu mwingine. Ahirisha.

Nimefikiri upya. Nakuongezea, nitalichukua gari kwa bei mara mbili ya ile ya skrepa. Na huyo fundi msamehe tu. Yeye naye ni binadamu, ana familia. Sharti langu ni moja, chungu kirudi kilikokuwa na Mzee Eliufoo aambiwe umeghairi.

Yuditha, sikutishi. Ila nani anajua kwa hakika chungu kinaelekea wapi? Mfikirie Eliona. Nakuomba kwa magoti mfikirie mtoto.

Ronald


Majengo, Jumanne 21 Mei 2024

Mama Eliona,

Nepi yako nilikaa nayo siku nne. Nimeianika mezani, nimeinusa, nimewaita mafundi wenzangu wawili nao wameinusa. Mke wangu ameuliza kama nimezeeka.

Hii si oili yangu. Oili ya siku nne bado ina rangi, hii ni nyeusi kama masizi ya jiko na inanuka kuungua. Imeshatembea miezi katika injini nyingine. Ukiigeuza juani inametameta: ni vumbi la chuma, ndiyo injini yako hiyo ilivyokuwa inajisaga.

Ingia chini ya gari, utafute ile nati. Kama washa ni ya shaba, basi mimi ni mwongo, vunja chungu na kingine juu yake. Kama si ya shaba, kuna mtu aliyefungua baada yangu.

Nimefungua daftari. Gari hukulichukua wewe. Ijumaa tarehe 3 jioni alilichukua shemeji yako Ronald, sahihi yake hii hapa, ina mapambo kama ya mkurugenzi. Lilikufikia lini?

Na nina swali la mwisho, si la kifundi. Mimi unayenishtaki nimekuambia vunja. Kuna mtu yeyote aliyekuambia usivunje?

Ebenezeri


Mbokomu, Alhamisi 23 Mei 2024

Shikamoo fundi.

Shikamoo tena. Na ile ya barua ya kwanza pia ipokee, na ya ile ya pili.

Niliingia chini ya gari hapo uwanja wa kanisa lilikosukumwa, mvua inanyesha, matope mpaka kwenye nywele. Washa ni ya chuma, ina kutu. Ya shaba haipo.

Ijumaa ile Eliona alikuwa na kikohozi, nikamwomba Ronald alichukue yeye. Akaniletea Jumapili mchana, ametoka kuimba kwaya, kavaa suti. Ijumaa na Jumamosi lililala uani kwake Soweto, ubavuni mwa pikapu yake. Sikuliwaza hata mara moja. Ni ndugu wa mume wangu, ningewaza nini?

Swali lako la mwisho nililisoma nikiwa nanyonyesha. Barua yake na yako Mama Justina alizileta siku moja. Nikaziweka pamoja kwenye paja. Wewe unasema vunja, yeye anasema kwa magoti, usivunje. Fundi, nilihisi maziwa yananikauka.

Nilimbeba Eliona mgongoni nikakimbia kwa Mzee Eliufoo bila viatu. Nikamwambia, babu, simamisha, nilikujibu uongo bila kujua. Alimtazama Eliona muda mrefu, akamshika kisogo, akaenda kukirudisha chungu ndani. Zilikuwa zimebaki siku nne. Siku nne nimwage damu yangu kwa mikono yangu, halafu nikalaumu wanga!

Nisamehe, baba. Nilikutukana soko zima.

Yuditha


Majengo, Ijumaa 24 Mei 2024

Mama Eliona,

Marahaba zote nne.

Msamaha wako umenifikia mimi peke yangu. Matusi yalifika soko zima. Yameondoka magari manne. Jana mtu niliyemtengenezea gari miaka kumi amepita hapa akageuza uso, akaingia gereji ya jirani. Nilikaa kwenye tairi kama mgonjwa.

Nakwambia mapema ili usije ukasema nilikuvizia. Mama yangu yupo hai kule Mbaga, na chungu tunacho. Jumamosi tarehe 8 Juni nakwenda kukivunja kwa ajili ya mtu aliyemwaga oili yangu akaliacha jina langu lioze. Sitamtaja. Chungu kinamjua.

Najua mtoto wako ni wa ukoo huo. Nimemwona, siku uliyoleta gari nilimpa nati achezee, akaitia mdomoni. Sifurahii. Lakini na jina langu nimelilea miaka thelathini na moja.

Nitaacha kwenda kwa jambo moja tu. Huyo mtu aje gerejini kwangu mchana, watu wamejaa, aseme mwenyewe kwa mdomo wake alichofanya. Barua sitaki. Mchungaji sitaki. Mdomo wake.

Ebenezeri


Mbokomu, Jumatatu 27 Mei 2024

Ronald,

Shemeji sikuiti.

Nimeingia chini ya gari. Nimeiona washa yako yenye kutu. Uliifungua ile nati uani kwako, ukakinga oili yangu ya rangi ya asali, ukainywesha pikapu yako. Nyeusi uliyoitoa kwako ukaimimina kwangu. Halafu Jumapili ukaimba, ukaniletea funguo, ukambusu mwanangu kwenye paji la uso. Gari lilipokufa ukaniletea mkate. Mkate ule nautapika kila nikiukumbuka.

Ulijua nitampakia Eliona kwenye gari lile. Unajua mteremko wetu ulivyo. Kama injini ingezima kona ya juu badala ya kona ya kanisa, ungekuwa umetuzika wote wawili, nawe ungeimba pia msibani.

Sasa fundi Ebenezeri anakwenda kwao Upare kuvunja chungu tarehe 8 Juni. Nimeshuka Majengo kumwomba asiende, amekataa, na ana haki. Najua unajiambia Yuditha atamzuia, mtoto wake yumo. Siwezi kumzuia. Tumo wote chungu kimoja, wewe, Loveness na wadogo zake, mimi na wangu. Anayeweza kututoa ni wewe peke yako. Utakwenda Majengo, utasimama mbele ya gereji yake na utasema.

Hilo ni lake. Langu ni hili. Magari ni pacha, ulisema mwenyewe. Basi injini yako itatoka kwako iingie kwangu. Yangu iliyonoki utabaki nayo wewe. Hela yako siitaki. Injini ya kuokoteza siitaki. Nataka ile unayoisikia ikinguruma vizuri asubuhi ukiwasha kwenda kazini. Nataka uikose.

Na ukiona aibu ya dakika tano pale Majengo, na mwanangu akapatwa na jambo, Ronald, mimi sitahitaji chungu. Nitakuja Soweto na mikono yangu hii.

Yuditha


Soweto, Jumanne 28 Mei 2024

Yuditha,

Mama Justina ananisubiri getini na hataki hata maji. Umemwambia nini?

Ni kweli. Nilimwaga oili mpya Jumamosi mchana, Gladys akiwa sokoni. Nikakuwekea ya kwangu, tena haikujaa. Sikutaka life. Nilitaka liugue tu, likusumbue, uchoke, uniuzie. Nilidhani litachukua miezi.

Wewe hujui ilivyo. Kila ukija kwetu unaligeuza kwenye kile kichochoro kwa mkono mmoja, mtoto kwenye paja, majirani wanatoka kuangalia. Wananiambia, Ronald, umemwona shemeji yako? Mimi pale nilishagonga ukuta mara mbili. Baba kabla hajafa alisema gari la nyumba liendeshwe na mwanaume wa nyumba. Nikawa nakuona kama umevaa koti langu.

Lakini na wewe, nimesikia, uliona taa ikiwaka ukaendelea. Fundi yeyote atakwambia ungezima pale, injini ingepona. Tugawane kosa.

Kuna injini ya mtumba nimeiona, nzuri kabisa, nitakununulia. Na huyo fundi nitamwandikia barua, mchungaji aipeleke kwa heshima. Usinipeleke kusimama Majengo, shem. Pale nafahamika. Nakuomba.

Ronald


Mbokomu, Alhamisi 30 Mei 2024

Ronald,

Taa niliiona. Kosa hilo ni langu, nimeshawaomba radhi wamama wa maziwa na sitampa mtu anibebee.

La kwako libebe. Majengo, Jumanne tarehe 4, saa nne asubuhi. Uende na pikapu yako, na ufunguo wake, ulivute na gari langu mpaka gerejini.

Saa hiyohiyo mimi nitakuwa soko la Pasua nawaambia wale wamama kwamba nilimsingizia fundi. Nitasimama nami, nitaaibika nami. Usiniambie haiwezekani.

Yuditha


Majengo, Alhamisi 6 Juni 2024

Mama Eliona,

Alikuja. Saa nne na robo, kofia imefika machoni. Nikamwambia vua, hapa si jua kali kiasi hicho. Mafundi wa gereji zote za mtaa wakaacha kazi, hata wa kuchomelea akazima mashine.

Akaanza kwa kunong'ona kama yuko hospitali. Muuza kahawa akamwambia, "Kaka, ongeza sauti, sisi wa nyuma hatujasikia uliiba nini!" Watu wakacheka. Akarudia. Akasema jina lake, akasema oili, akasema washa, akasema fundi hana kosa. Yule mteja wangu aliyegeuza uso alikuwepo. Hakuomba msamaha, ila jana amelileta gari, kasema breki zinapiga kelele. Hazipigi. Nimempokea.

Tulipoanza kufungua injini Ronald akataka kuondoka. Nikamwambia, bwana, wewe shika mnyororo. Ameivuta mwenyewe injini yake mpaka ikatoka. Nilipomwaga oili nikaitambua, bado ina rangi yangu kidogo. Nati yake ina washa ya shaba, kapete kekundu. Nimekaonyesha mtaa mzima.

Nimesikia na wewe ulisimama Pasua juu ya kreti la soda. Wanasema ulilia. Wanasema pia ulimtukana Ronald hadi wauza dagaa wakakuomba upunguze.

Mbaga siendi. Nimemwambia mama apande maua kwenye kile chungu, amenitukana.

Injini imeshaingia, imepokelewa kama mwenyeji. Jumamosi njoo uchukue gari. Njoo mwenyewe. Usimtume mtu.

Ebenezeri


Soweto, Jumanne 11 Juni 2024

Yuditha,

Umepata ulichotaka. Kwenye kwaya wameniambia nipumzike kidogo. Gladys haongei nami, anaongea na sufuria. Naenda kazini kwa miguu, na kila fundi wa Majengo akiniona anagonga chuma, ko, ko, ko, halafu wanacheka. Jana Loveness kaniuliza, baba, kwa nini wanabisha hodi?

Naomba kitu kimoja tu, nami sitakusumbua tena. Ile barua yangu ya tarehe 28 Mei nirudishie niichome. Mdomo watu watasahau. Maandishi hayasahauliki. Una roho ya upole, Godbless alikuwa ananiambia hivyo. Nirudishie barua.

Ronald


Mbokomu, Alhamisi 13 Juni 2024

Ronald,

Jana nimeshusha maziwa ya wamama kumi na wanne. Watatu ni wapya. Injini inapanda mlima bila hata kukohoa, na mimi nikibadilisha gia kwenye ile kona nasema kwa sauti, ahsante Ronald. Eliona ameanza kuiga. Anasema "Nonad".

Godbless hakukudanganya. Roho ya upole ninayo. Ni ya Eliona, yote.

Barua sikurudishii. Nimeikunja, nimeiweka ndani ya kadi ya kliniki ya mwanangu, pale kwenye ukurasa wa chanjo. Kadi hiyo haipotei, huwa nalala nayo chini ya godoro. Mimi shule niliishia kidato cha kwanza, kusoma kwangu ni kwa kuvuta, lakini yeye nataka asome kweli, nimeshaanza kumwonyesha herufi kwenye madumu. Siku atakapoweza kusoma ukurasa mzima bila kukwama, nitampa barua hiyo aisome. Iwe ya kwanza. Ajue baba yake mkubwa alimwaga nini, na siku hiyo mama yake alikuwa garini na nani.

Naona itachukua miaka sita, labda saba. Hiyo nakupa. Kuwa mtu mwema muda huo wote, mpende, mbebe, mlete Loveness wacheze, mpaka siku akiisoma aniambie, mama, hii ni uongo, baba mkubwa hawezi.

Nikimsikia amesema hivyo, ndipo nitaichoma mimi mwenyewe.

Yuditha